Jina la Diski na Mahali Pake: Maelezo juu ya Kudumisha Majina ya Diski za Nje katika Kompyuta ya Nyumbani

Mtafiti wa lugha wa siku hizi huweka sehemu kubwa ya kazi yake katika diski za nje. Masimulizi ya wazee, tenzi zilizoghaniwa, mahojiano, picha za miswada: vyote hivi aghalabu hukaa katika visanduku viwili vitatu vidogo juu ya meza ya nyumbani, na kila kimoja huchomekwa katika kompyuta kinapohitajiwa na kuchomolewa kazi ikiisha. Utaratibu huu ni mwepesi, na gharama yake si kubwa. Walakini una kasoro moja ambayo watu wengi huigundua kwa hasara. Diski ile ile iliyoitwa E jana, ikichomekwa leo huitwa F, na jina la E likawa limekwisha kupewa kitu kingine kabisa. Badiliko hili laonekana dogo, lakini laweza kutenganisha unukuzi wa miezi mingi na sauti zilizonukuliwa, na kwa bahati mbaya zaidi laweza kuzifuta sauti zenyewe zisipatikane tena. Makala haya yakusudia kueleza sababu ya jambo hilo na namna ya kulizuia.

Yafaa kuanza na asili ya herufi hizo. Desturi ya kuita diski kwa herufi moja moja za alfabeti ilienezwa na CP/M, mfumo uliotungwa na Gary Kildall huko Marekani mwaka 1974. MS-DOS iliirithi mwaka 1981, na kutoka huko ikaingia katika Windows. Kompyuta za kwanza za IBM zilikuwa na nafasi za diski laini mbili, nazo zikaitwa A na B; diski ngumu ilipotiwa katika IBM PC XT mwaka 1983, ikashika C. Diski laini zimekwisha toweka katika kompyuta za leo, lakini Windows ingali ikiita diski yake ya ndani C, mfano wa nyumba ambayo wapangaji wa vyumba viwili vya mbele wamehama siku nyingi na hakuna aliyethubutu kubadili nambari za milango.

Jambo la kuangaliwa sana ni kwamba A na B hayakuwa majina ya diski hata kidogo. Yalikuwa majina ya matundu. Diski yoyote iliyotiwa katika tundu la kwanza iliitwa A kwa muda ule iliokaa humo, na ikitolewa, A ikabaki pale pale ikingojea nyingine. Hakuna aliyechanganyikiwa, kwa sababu kila diski ilibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, na karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa jina lake. Matatizo yalikuja baadaye, pale tundu na diski vilipoungana vikawa kitu kimoja. Diski ya nje huja na mashine yake ndani yake, na kuondoka nayo. Herufi iliyokuwa ikitaja mahali palipotulia sasa yataja kitu kinachosafiri mfukoni.

Mwanaisimu atalitambua jambo hili mara moja. Herufi E si jina la pekee. Ni kiashiria, ndugu wa "hii" na "ile", wa "hapa" na "pale", ambavyo maana yake hutegemea wakati wa kusemwa na mahali alipo msemaji. Mtu akiambiwa "niletee kile", naye yumo chumbani pamoja na msemaji, ataelewa. Maneno hayo hayo yakiandikwa katika barua na kusomwa mwaka ujao katika mji mwingine, hayamwelekezi msomaji popote. Njia ya faili kama E:\Sauti\Pate\03.wav, iliyohifadhiwa ndani ya faili jingine ili isomwe baadaye, ni barua ya namna hiyo. Laiti herufi hizi zingetungwa na Waswahili, pengine zingepewa upatanisho wa PA-, na kila asemaye "pale E" angekumbuka kuwa ametaja mahali, wala hakutaja diski.

Si kweli, hata hivyo, kwamba Windows hugawa herufi ovyo. Diski ngeni inapochomekwa mara ya kwanza, mfumo huipa herufi ya kwanza iliyo wazi, kisha huandika habari hiyo katika sajili yake ya ndani, katika fungu liitwalo MountedDevices. Humo diski hutambulishwa kwa alama zilizomo ndani yake yenyewe. Katika diski zilizogawanywa kwa utaratibu wa zamani uitwao MBR, alama hiyo ni sahihi ya baiti 4 pamoja na mahali inapoanzia sehemu inayohusika. Katika zile za utaratibu mpya wa GPT, ni nambari ndefu ya biti 128 iliyowekwa juu ya kila sehemu. Diski ikirudi, mfumo huisoma alama, hutafuta katika sajili, na hujaribu kuirudishia herufi yake.

Mtu ataweza kuuliza, basi, kwa nini majina hubadilika? Sababu iliyo ya kawaida kupita zote ni kwamba herufi ile imekwisha kukaliwa. Diski ya kwanza ilipewa E mwezi uliopita. Leo mwenyewe amechomeka kwanza kijiti cha USB alicholetewa na mwanafunzi, kijiti kikapewa E kwa kuwa ilikuwa wazi, na diski inapokuja hukuta kiti chake kina mtu. Hupewa kinachofuata. Sababu ya pili ni kwamba sajili ni mali ya kompyuta moja: diski ikipelekwa ofisini au kwa jirani, huko hawana habari ya ahadi zilizotolewa nyumbani. Tena mfumo ukiwekwa upya kompyutani, sajili huanza tupu.

Hasara zake si za aina moja. Iliyo nyepesi ni usumbufu. Wengi wanaonukuu sauti hutumia ELAN, programu iliyotengenezwa katika Taasisi ya Max Planck huko Nijmegen, Uholanzi. Faili la ELAN halina sauti ndani yake. Lina unukuzi, pamoja na njia mbili za kulifikia faili la sauti: njia kamili inayoanza na herufi ya diski, na njia ya kulinganisha, inayoanza pale lilipo faili la unukuzi lenyewe. Herufi ikibadilika, njia kamili hufa. Kama unukuzi na sauti vimo katika folda moja, sauti itapatikana hata hivyo. Lakini kama unukuzi umewekwa katika diski ya ndani na sauti katika diski ya nje, programu itamwomba mtumiaji aitafute mwenyewe, na mwenye mafaili 200 atakuwa na kazi ya kuchosha. Si hasara kubwa. Iliyo mbaya kuliko hiyo ni pale njia kamili isipokufa. Ikiwa diski mbili zimepangwa kwa mtindo mmoja, kila moja ikiwa na folda ya Sauti na ndani yake faili liitwalo 03.wav, basi E ya leo itafungua 03.wav ya diski isiyo yake, bila ya onyo lolote, na mnukuzi ataendelea kupigia mstari maneno ya msimulizi mwingine.

Hasara iliyo kubwa kabisa huletwa na programu za kutunza nakala, nazo ndizo mtu huzitegemea zimkinge na hasara. Nyingi zina namna ya kufanya kazi iitwayo kioo: mahali pa kupokea pafanane sawasawa na mahali pa kutoa, na chochote kilichoko upande wa kupokea ambacho hakiko upande wa kutoa kifutwe. Robocopy, iliyomo ndani ya Windows, hufanya hivyo kwa agizo la /MIR. Rsync, itumiwayo sana katika Linux, hufanya hivyo kwa agizo la --delete. Sasa tuseme agizo limeandikwa mara moja, lijiendeshe kila usiku: nakili folda ya Kazi iliyo katika C iende E. Usiku mmoja E ni diski ya nakala, na mambo ni shwari. Usiku wa pili E ni diski yenye sauti za asili, iliyosahauliwa katika tundu lake. Programu haijui tofauti. Itaona mamia ya mafaili yasiyomo katika Kazi, na itayafuta yote kwa utiifu kamili. Haijakosea hata neno moja la agizo lililotolewa. Aliyeagiza ndiye aliyetumia kiashiria pale palipotakiwa jina.

Dawa yaanza na kujua kwamba diski ina vitambulisho vya daraja tatu, na kila kimoja kina kazi yake. Cha kwanza ni mahali, yaani ile herufi. Cha pili ni jina, ambalo hupewa na mwenyewe na kuandikwa ndani ya diski. Watumiaji wengi hulita lebo, na neno hilo halina haja ya kutafutiwa badala. Cha tatu ni nambari ya utambulisho, ambayo hutolewa na mashine diski inapofomatiwa au kugawanywa. Kwa hii ya tatu neno "kitambulisho" lafaa sana, maana kadi ya kitambulisho haibadiliki mtu akihama nyumba, wala akibadili jina. Ila hapa pana tofauti moja: diski ikifomatiwa upya hupata kitambulisho kipya, ingawa umbo lake ni lile lile na mwenyewe ni yule yule.

Wenye maktaba waliyajua haya kabla ya kompyuta. J. W. T. Allen alipoorodhesha miswada na kanda za sauti za maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, katika orodha iliyochapishwa huko Leiden mwaka 1970, vitu hivyo vilijulikana kwa nambari, na hadi leo wataalamu hutaja mswada kwa nambari yake. Nambari hiyo yafuatana na mswada, hata makabati yakihamishwa. Hakuna msomi ambaye angetaja katika tanbihi "mswada ulio katika rafu ya tatu kutoka dirishani". Na bado mtu huyo huyo huandika E:\ katika daftari lake la utafiti bila ya kusita.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuipa kila diski lebo ya pekee. Hufanywa kwa kubonyeza alama ya diski kwa kitufe cha kulia na kuchagua kubadili jina. Diski za FAT32 na exFAT hukubali herufi 11 tu. Za NTFS hukubali 32. Ni vyema kukaa ndani ya 11, ili jina liweze kuhamia diski yoyote. Lebo za kiwandani hazifai kuachwa, kwa kuwa diski mbili za My Passport zilizonunuliwa siku moja huja zikiitwa vivyo hivyo, kama darasa lenye Juma wawili na mwalimu asiyejua majina ya baba zao. Jina lisitokane na ukubwa wa diski, wala na mwaka, wala na yaliyomo kama yaweza kubadilika. SAUTI01, SAUTI02, NAKALA01: majina ya namna hii hayana uzuri, lakini hayana uongo. Jina hilo hilo liandikwe kwa wino usiofutika juu ya gamba la diski. Ile karatasi ya diski laini haikupaswa kuachwa.

Katika Windows, lebo peke yake haitoshi, maana programu hufuata herufi. Kwa hiyo diski ipewe herufi ya kudumu. Mtu mwenye haki za msimamizi afungue chombo cha kusimamia diski, ambacho huitwa kwa kuandika diskmgmt.msc, abonyeze sehemu inayohusika kwa kitufe cha kulia, achague kubadili herufi, kisha aweke herufi iliyo mbali na mwanzo wa alfabeti. Hapa ndipo penye siri ya jambo. Mfumo hugawa kuanzia mwanzo, kwa hiyo vijiti na kadi za kamera hugombania D, E, F na G, na ni nadra sana kufika R au S. Upande wa mwisho kabisa nao si salama, kwa kuwa diski za mtandao mara nyingi huanzia Z na kurudi nyuma. Kati ya M na T pana nafasi ya kutosha kwa nyumba yoyote. Ahadi hii huandikwa katika sajili ya kompyuta ile tu. Penye kompyuta ya pili, lazima ifanywe tena kwa herufi zile zile.

Iko njia nyingine ambayo yastahili kujulikana zaidi kuliko ilivyo. Chombo hicho hicho chaweza kuifungulia diski mlango ndani ya folda tupu ya diski ya ndani, mradi diski ya ndani iwe ya NTFS, kama zilivyo karibu zote za Windows. Folda ikiitwa C:\Diski\SAUTI01, basi yaliyomo katika diski ya nje yataonekana humo kila inapochomekwa, na njia ya faili itabeba jina badala ya herufi. Diski isipokuwapo, mlango hukataa kufunguka na programu husimama kwa kosa, nalo ni kosa la kushukuriwa.

Kompyuta za Mac hazikuwa na mkasa wa herufi. Diski huonekana chini ya /Volumes kwa lebo yake yenyewe. Lakini zikichomekwa mbili zenye lebo moja, ya pili huongezewa nambari 1 mwishoni, na njia za mafaili yake zikakatika. Kwa hiyo kanuni ya lebo ya pekee yabaki pale pale.

Linux ina habari ndefu zaidi. Humo diski huitwa sda, sdb, sdc, kwa kadiri zilivyotangulia kuonekana na mfumo, na majina hayo hutetereka kuliko hata herufi za Windows, kwa kuwa yaweza kubadilika kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Kwa bahati njema watengenezaji wake hawakumtaka mtu ayategemee. Chini ya /dev/disk mna folda za by-label, by-uuid na by-id, ambazo ndani yake kila diski hutajwa kwa lebo, kwa kitambulisho cha mfumo wa mafaili, na kwa nambari ya kiwandani. Agizo la lsblk -f huonyesha yote mawili ya kwanza kwa pamoja. Kitambulisho kwa kawaida ni tarakimu 32 za mfumo wa kumi na sita katika mafungu matano. Cha diski ya FAT ni tarakimu 8 tu, na cha NTFS ni 16. Katika faili la /etc/fstab, panapoandikwa diski ipi ifunguliwe wapi, yafaa kuandika UUID= na nambari hiyo, wala si /dev/sdb1; na diski inayoondolewa iongezewe neno nofail, ili kompyuta isigome kuwaka kwa kuikosa.

Hapa Linux ina mtego ambao Windows haina. Folda ya kufungulia ni folda ya kawaida, na diski isipokuwapo haijifungi, hubaki wazi na tupu. Nakala iliyokusudiwa kwenda katika diski ya nje itamiminwa humo na kuijaza diski ya ndani. Kinyume chake ni kibaya zaidi: kama folda hiyo ndiyo inayonakiliwa, rsync yenye --delete itaona upande wa kutoa ni mtupu, na itahakikisha upande wa kupokea nao umekuwa mtupu. Ndiyo maana jina imara peke yake si kinga kamili, na hapana budi agizo la nakala lipewe sharti. Katika mzizi wa kila diski liwekwe faili dogo lenye jina la diski hiyo, mathalan SAUTI01.txt, na agizo lianze kwa kulitafuta. Lisipoonekana, kazi isimame pale pale. Agizo jipya lijaribiwe kwanza bila ya kutenda: Robocopy ina /L, na rsync ina -n ikiambatanishwa na -v, na zote mbili huorodhesha ambacho kingenakiliwa au kufutwa bila ya kugusa chochote.

Pana hali moja ambayo kitambulisho chenyewe hushindwa, nayo ni ya mapacha. Diski ikinakiliwa biti kwa biti hadi nyingine, kila kitu hunakiliwa, na kitambulisho kimo. Mfumo sasa wakabiliwa na watu wawili wenye kadi moja. Windows za sasa, zikikuta sahihi mbili zinazolingana, huikataa diski ya pili isifunguliwe mpaka mwenyewe aruhusu, na akiruhusu, sahihi yake hubadilishwa. Katika Linux, mfumo wa mafaili wa XFS hukataa kufungua wa pili wenye kitambulisho kile kile. Kwa sababu hii nakala za nyumbani ni bora zifanywe kwa kunakili mafaili, na kunakili biti kuachiwe mafundi wanaookoa diski iliyoharibika.

Katika maandishi ya utafiti, mahali pa faili pasitajwe kwa herufi kabisa. Iandikwe lebo, kisha njia kuanzia mzizi wa diski: SAUTI01, Pate, 03.wav. Msomaji wa baadaye, au mrithi wa kazi, ataweza kuifuata hata kama kompyuta yake si ya Windows. Na kwa kuwa unukuzi na sauti husafiri pamoja, ni afadhali vikae katika folda moja ya diski moja, ili njia ya kulinganisha ifanye kazi yake.

Diski nazo huzeeka. SAUTI01 ikianza kuchoka, yote yaliyomo hunakiliwa katika diski mpya na kulinganishwa na ya zamani. Kisha diski ya zamani hubadilishwa lebo kwanza, iwe mathalan X-SAUTI01, na herufi yake ya kudumu kuondolewa; lile faili dogo la mzizi hufutwa katika hiyo ya zamani; na hapo tu ndipo mpya hupewa lebo ya SAUTI01 na herufi R. Katika Linux, kitambulisho kilichoandikwa katika fstab nacho hubadilishwa siku hiyo hiyo, maana diski mpya imekuja na chake.